Verlene Ostrander, Mlinzi Aliyevuka Mstari

Verlene Marie Ostrander alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la mahindi nje ya Decorah, Iowa, mtoto wa tatu wa marehemu Anders na Sigrid Tveit.

Shuleni alicheza mpira wa kikapu wa wasichana, enzi zile sita kwa sita: washambuliaji nusu yao, walinzi nusu yao. Mlinzi hakuruhusiwa kuvuka mstari wa katikati wala kufunga. Verlene alikuwa mlinzi. Miaka minne hakufunga hata kikapu kimoja, na hakusahau.

Tarehe 18 Juni 1960 aliolewa na Harlan Ostrander, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mpole aliyemsihi maisha yake yote awe mwepesi wa kusamehe. "Nitasamehe nikimaliza," alimjibu.

Mwaka 1966 alianza kufundisha fasihi katika Chuo cha Tamarack. Huko alimtetea Damaris Pelling, mwandishi Mwingereza wa karne ya kumi na saba, ambaye kitabu chake pekee kilichapishwa kwa jina la mumewe. Mkuu wa kitivo, Profesa Royce Kettleman, alimcheka mbele ya walimu wote: "Bibi Ostrander, huyo mwanamke wako alimshikia mumewe kidau cha wino tu. Rudi kwa wasichana wako wa mpira."

Wasichana hao, timu ya kikapu ya chuo, aliwafundisha kwa kujitolea. Wiki ya fainali ya 1974, Kettleman aliwanyang'anya ukumbi wa mazoezi. Wakafanya mazoezi ghalani kwa Harlan.

"Kocha, kuna panya!"

"Basi mkabe."

Walishinda 61 kwa 38. Kombe aliliweka dirishani, likitazama ofisi ya Kettleman.

Mwaka 1983 Kettleman alichapisha kitabu cha kumsifu mume wa Pelling kuwa ndiye mwandishi. Katika mkutano wa wasomi Verlene alisimama, akasoma ukurasa wa mia na kumi wa kitabu cha Pelling, unaosimulia tauni ya London ya 1665. Kisha akasoma maandishi ya kaburi la mume: alikufa 1661.

"Profesa," aliuliza taratibu, "marehemu aliandikaje? Au hukuvuka katikati ya kitabu?"

Tangu siku hiyo kitabu kinachapishwa kwa jina la Damaris.

Oktoba 2021 aliugua saratani ya kongosho. Maua ya Kettleman aliyarudisha. Lakini mwaliko wa mazishi yake alimwandikia kwa mkono wake mwenyewe, na akaagiza wasifu huu usomwe bila kuruka neno. Alifariki nyumbani tarehe 4 Februari 2022.

Ameacha binti yake, Solveig, wajukuu wawili, wachezaji sita wa 1974 waliobeba jeneza lake, na Profesa Kettleman, miaka tisini na tatu, aliyeketi mbele kushoto.

Harlan, uliyemtangulia, mpokee. Amemaliza. Amani na iwe yake.