Bi Hakiki Anatuachia Sifa Zetu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Mhariri wa Machapisho wa chuo chetu anastaafu. Wote tunamwita Bi Hakiki, na wapo wanaolitamka jina hilo huku wameuma meno. Uongozi umeniomba mimi, niliyekaa meza ya pili katika chumba hichohicho, niandike mazuri yake tu. Nimejitahidi.

Aliajiriwa kusahihisha lugha ya kijitabu cha kuwakaribisha wanafunzi wapya. Kwa bahati mbaya hakuna aliyemfafanulia kwamba kinachosahihishwa ni lugha, si habari. Mwaka wake wa kwanza tu alikutana na picha ya bwawa la kuogelea, maji ya buluu, viti vya kujinyoosha. Akauliza bwawa liko wapi. Akaambiwa asiwe na maswali mengi, ndiyo kwanza ameanza kazi. Akakizunguka chuo kizima kwa miguu, akalikuta ng'ambo ya barabara, ndani ya hoteli. Hakuitoa ile picha. Aliandika chini yake: "Bwawa la hoteli jirani, kama linavyoonekana kutoka ghorofa ya juu ya maktaba yetu." Kijitabu kikachapwa hivyohivyo, kwa kuwa viongozi wetu, watu wenye shughuli nyingi, hawana muda wa maandishi madogo.

Baada ya hapo hatukupumua. "Maktaba ya kisasa" ikawa maktaba. "Mazingira tulivu" yakaongezewa maneno "karakana ya useremala ikishafungwa". Na ile sentensi tuliyoipenda kuliko zote, kwamba sisi ni miongoni mwa vyuo bora, ilifutwa baada ya yeye kuuliza swali lisilo na adabu kabisa: miongoni mwa vingapi?

Haki lazima itendeke, hata kwake: alikuwa mkali vilevile kwa waliotusema vibaya. Miaka sita iliyopita gazeti moja liliandika kwamba chuo chetu kinauza alama za mitihani, na kwamba wasichana wa bweni la chini hawana maji muhula mzima. Ofisi ya Uhusiano, kwa weledi wake unaojulikana, iliandaa majibu siku hiyohiyo: habari zote ni za uzushi, na chuo hakijawahi kuwa na tatizo lolote. Kilichobaki kilikuwa Bi Hakiki aweke nukta na mikato.

Alikataa. Aliitwa kwa Mkuu wa Chuo, nami nikaburutwa kama shahidi.

"La alama ni uongo mtupu," alisema akiwa amesimama. "La maji ni kweli. Tukikana yote mawili, hakuna atakayetuamini hata lile moja."

"Na wewe uko upande gani?" Mkuu akauliza.

"Wa atakayesoma, mheshimiwa."

Afisa Uhusiano akakumbusha, kwa upole wake wote, kwamba binti wa dada yake Bi Hakiki analala katika bweni hilo. Bi Hakiki akasema ni kweli, analala huko, na kila asubuhi anabeba ndoo kutoka jikoni, kwa hiyo habari hii ameipata kwa mbebaji mwenyewe. Tukatolewa nje. Ofisini alivua viatu, akaketi. "Naogopa, mwenzangu," aliniambia. "Wakinifukuza, nani ataniajiri kwa umri huu?" Nilimpa chai. Huo ndio ulikuwa mchango wangu wote katika kupigania ukweli.

Majibu yalitoka bila mkono wake. Kesho yake gazeti likachapisha, ukurasa wa mbele, picha ya foleni ya wasichana na ndoo zao. Basi, watu wakasema: kama wamedanganya la maji, la alama je? Wazazi wakaanza kuhamisha watoto. Mhitimu wetu mmoja, kijana aliyesota kwa kila alama yake, aliulizwa kwenye usaili wa kazi cheti chake alikinunua bei gani. Alikuja ofisini kwetu kusimulia, akalia mbele ya Bi Hakiki. Naye akaenda tena kwa Mkuu, safari hii bila kuitwa.

Akaruhusiwa kuandika, si kwa sababu alikuwa sahihi, Mungu apishe mbali, bali kwa sababu kila kitu kingine kilishashindikana. Aliandika aya mbili. Ya kwanza: maji hayapo, pampu imeungua, tunaomba radhi, itatengenezwa wiki hii. Ya pili: alama haziuzwi, na mwandishi anakaribishwa kuja kuona mitihani inavyosahihishwa. Mwandishi alikuja, akakaa na wasahihishaji kutwa nzima, akachoka kabla yao. Gazeti likasahihisha habari yake, chini kabisa ya ukurasa, jirani na matangazo ya magodoro. Yule kijana alikata kipande hicho akaenda nacho kwenye usaili mwingine. Alipata kazi.

Na pampu, ambayo muhula mzima tuliambiwa haitengenezeki kitaalamu, ilitengenezeka kabla ya wiki kwisha. Inaonekana ilikuwa ikisubiri kuandikwa gazetini.

Mwisho wa mwaka tuzo ya mawasiliano bora ilitolewa, kama ilivyostahili, kwa Ofisi ya Uhusiano. Bi Hakiki aliombwa kusahihisha maneno ya cheti chao. Alisahihisha tahajia tu. Nadhani ndiyo mara pekee aliyotuhurumia.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu. Nilikuwa nimeandika kwamba alipendwa na wote. Akakata "wote", akaandika "wengi". Akafikiri kidogo, akacheka, akakata na "wengi", akaandika "baadhi". Nimemwachia, maana ndiye mhariri hadi tarehe thelathini.

Dada yetu, asante kwa kazi. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua lipande, na afya iwe nawe. Sisi baadhi tulikupenda sana.