Maisha ya Sikio, Fundi Boila wa Stesheni ya Zamani

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wa stesheni na wote mliofika kumsindikiza mzee wetu, familia imenipa mimi, binti yake wa pili, jukumu la kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi niliyoiandika Jumanne siyo hii niliyoishika leo.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni, chumba cha nne kutoka kwenye tangi la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba aliyewasha taa za ishara na mama aliyewafulia madereva sare zao, na marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba treni ya asubuhi ilipopita vikombe vilicheza mezani, watoto wengine wakalia, yeye akatulia kusikiliza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza mwaka 1962, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, akaingia chuo cha ufundi Januari 1963, akahitimu Desemba 1965, na tarehe 1 Februari 1966 akaajiriwa katika karakana ya stesheni kama msaidizi wa fundi boila, kwa sababu moja ambayo yeye mwenyewe hakuona haya kuisema, kwamba alikuwa mwembamba kuliko wote na ndiye pekee aliyepita kwenye mlango wa tanuri bila kusukumwa.

Kwa msioijua kazi hiyo, ndani ya tanuri la garimoshi la mvuke kuna mamia ya vyuma vyenye unene wa kidole gumba, vinavyoshikilia kuta mbili zisiachane maji yanapochemka, na kabla moto haujawashwa fundi huingia humo na tochi na nyundo ndogo, akagonga kimoja baada ya kingine, kilicho kizima kinalia kama kengele, kilichokatika kinatoa sauti ya kupiga gunia, kisha anatoka na kuandika kitabuni neno moja kati ya mawili, "Inalia" au "Imenyamaza", anaweka sahihi, na ikiwa imenyamaza hakuna mkubwa wala mdogo wa kuiwasha. Hiyo ilikuwa sheria ya karakana tangu kabla yake, na kwa kazi hiyo wenzake walimpa jina la Sikio, ambalo hata posta walilijua.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa mkata tiketi wa dirisha la pili, wakajaliwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, nasi tukakua pamoja na yule tuliyemwita Shangazi, yaani garimoshi lenyewe, maana lilifoka asubuhi, halikukubali kuharakishwa na lilitaka maji kabla ya salamu. Mama alilikataa jina hilo, akisema shangazi gani huyo anayeshinda na mume wa mtu, huyo ni mke mwenza, na Baba alipochelewa kurudi alitengewa chakula kwenye sufuria lenye masizi ili ajisikie yuko kwake.

Mwaka 1981 injini za dizeli zilipochukua kazi, magarimoshi kumi na moja yalikatwakatwa uani mafundi wakitazama, likabaki moja, kwa kuwa Baba alikuwa amelifungua vipande vipande kwa matengenezo, na akahakikisha matengenezo hayo hayaishi kwa miaka miwili, mpaka stesheni ilipotangazwa kuwa ya urithi na watu wakaanza kuja kupiga picha, hivyo Shangazi akarudi relini tarehe 9 Septemba 1984. Baba alistaafu tarehe 31 Machi 2007, ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake akaenda kazini kama kawaida.

Kabla ya hapo, mwaka 1994, alimpokea mwanafunzi wa udereva aliyekuja bila ndugu, akampa kitanda katika chumba cha kaka zangu, akamfundisha moto, maji, breki, hata mwandiko, maana yule bwana aliandika kama kuku anayeparura, Baba akamkalisha kwenye meza yetu jioni baada ya jioni akimnakilisha kitabu cha boila, mpaka herufi zao zikafanana kama mapacha. Tarehe 6 Aprili 2002 bwana huyo alinioa mimi, na ndiye mume wangu, dereva wa Shangazi, aliyeketi pale mstari wa mbele.

Jumamosi tarehe 19 Juni 2021 stesheni ilitimiza miaka mia moja, mahema yakafungwa, bendi ikaja, wageni wakubwa wakaja, na siku mbili kabla yake, Alhamisi, Baba aliingia kwenye tanuri akakaa humo kwa muda wa saa tatu, akaandika kitabuni, akarudi nyumbani akituambia Shangazi atavutwa na dizeli akiwa baridi, ndivyo alivyoahidiwa na meneja wa stesheni. Siku ya sherehe garimoshi lilitoka likiwa na moto, likaenda kilomita tatu, ukuta wa tanuri ukaachia, mvuke ukarudi kibandani mwa dereva, na mchochea moto akaungua kifua na mikono, naye yuko hapa leo, na vidole vyake bado havikunjiki sawasawa.

Kamati ya uchunguzi ilipofungua kitabu ikakuta "Inalia" na sahihi ya Baba, akasema hakuandika hivyo, wakamjibu kwa upole unaouma kuliko tusi kwamba mzee una miaka sabini na minne, masikio yamechoka, na kumbukumbu nazo. Ovaroli lake na kikombe chake vililetwa nyumbani na mlinzi ndani ya gunia, picha yake ikashushwa ukutani karakanani, na watu aliokunywa nao chai miaka hamsini wakawa wakimwona sokoni wanakumbuka kitu walichosahau upande wa pili.

Kifua kilianza kumsumbua Oktoba 2022, akalazwa tarehe 15 Aprili mwaka huu wa 2024, na Jumatatu tarehe 6 Mei, saa mbili asubuhi, akaaga dunia Mama akiwa amemshika mguu. Alipokuwa kitandani aliniagiza historia yake iwe fupi, ya stesheni nisiyaguse, nami nilishusha pumzi, na hili nalisema kwa aibu mbele ya jeneza lake, kwa sababu mimi pia niliiamini kamati, nilikaa naye miaka mitatu nikimmenyea machungwa na sikumuuliza hata siku moja.

Juzi Jumatano nilimpa mume wangu karatasi anikagulie tarehe, akasoma mpaka mwaka 2021, ambapo nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu kwamba marehemu aliacha kazi baada ya ajali, akaiweka chini, akaenda kabatini, akatoa kwenye bahasha ya leseni yake ukurasa uliochanwa. Alisema meneja alimwita Ijumaa ile, akamwambia wageni wameshaalikwa na dereva mwingine yuko tayari kushika nafasi yake, basi akauchana, akaandika mwingine kwa mwandiko aliofundishwa mezani kwetu. Nilipomuuliza kama Baba alijua, akanijibu akitazama sakafu, "Alijua siku ileile alipoonyeshwa kitabu. Aliniambia mwandiko huo tunao wawili tu, na yeye hakuandika. Akasema yeye ni mzee, atalibeba, mimi nina mke, na mke mwenyewe ni mwanawe, asijue."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nimeivaa miaka ishirini na miwili, nimeifua na kuipiga pasi. Nimesalitiwa, na Baba alisalitiwa kabla yangu, akanyamaza ili nyumba yangu isimame.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea viti na kuni bila kuombwa, na mchochea moto, ambaye alikuja kumjulia hali Baba kila mwezi akiwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutokuja. Kwa wafanyakazi wenzake desturi inataka niwashukuru pia, ila nafasi yenu nitaijaza kwa kuwasomea alichowaandikia.

"Alhamisi, 17 Juni 2021. Vyuma tisa upande wa kushoto vimekatika. Imenyamaza. Isiwashwe, hata kwa wageni."

Chini yake ni sahihi yake, na nakala nimeshampa mchochea moto asubuhi ya leo, kisha kamati, kisha Mama. Jeneza litabebwa na kaka zangu wawili pamoja na majirani, mume wangu atabaki alipoketi.

Baba, uliniagiza ya stesheni nisiyaguse, nami sijawahi kukukatalia neno, leo nimekukatalia mbele za watu. Pumzika kwa amani, jina lako ni safi.