Pijo Inayoenea Kiganjani

ARISTIDES: Haloo, duka la Kanubhai, vitenge na mashuka. Nani mwenzangu?

EUPHRASIA: Mimi.

ARISTIDES: Akina mimi ni wengi mjini hapa. Mimi yupi?

EUPHRASIA: Yule unayetaka kumwoa. Bado unataka?

ARISTIDES: Euphrasia. Za tangu juzi? Mbona unanong'ona, uko kazini?

EUPHRASIA: Nzuri. Niko kwenye kibanda cha simu, hapa pembeni ya soko. Baba yuko nje, amesimama na mkungu wake wa ndizi.

ARISTIDES: Baba yupi?

EUPHRASIA: Nina wangapi? Mzee Marcelino. Kashuka na basi la Moshi saa saba, bila barua wala telegramu. Nimemwambia napiga simu kwa shangazi Severa, Upanga, nimjulishe kuwa mgeni kafika.

ARISTIDES: Si alisema atakuja baada ya mavuno?

EUPHRASIA: Mavuno yamengoja. Kaja na picha. Ile uliyompa mshenga aipeleke pamoja na barua ya posa. Barua nilijua. Picha nimeiona leo, pale stendi, hata shikamoo yangu haijaitikiwa.

ARISTIDES: Ah.

EUPHRASIA: Ah nini?

ARISTIDES: Imetoka vizuri?

EUPHRASIA: Imetoka vi— we Aristides. Pijo 504 imeegeshwa mtaani, maghorofa nyuma yake, kivuli chini yake. Na nyuma ya picha, kwa mwandiko wako wa shule ya misheni: "Gari langu, Dar es Salaam, 1983."

ARISTIDES: Sasa hapo uwongo uko wapi? Gari ni langu. Dar es Salaam ndiyo hii.

EUPHRASIA: Inaenea kiganjani. Nikiikalia naivunja.

ARISTIDES: Ndicho kipimo chake. Kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne, sawasawa, mpaka usukani.

EUPHRASIA: Mpaka akili.

[Laini inakwaruza.]

ARISTIDES: —nasema, unajua kazi yake wewe? Vipande sabini na mbili kwenye boksi, kaka yake Kanubhai kaleta kutoka Uingereza. Kingo nimezikwangua kwa wembe, nikapiga msasa, nikagundisha kimoja kimoja mwezi mzima. Bampa ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na siku ya picha nimelala kifudifudi barazani, kamera kidevuni, Kanubhai kashika mwavuli ili jua lisinisaliti. Ulitaka nimpelekee nini baba yako? Picha ya baiskeli?

EUPHRASIA: Hapa mbele yangu watu wazima wako kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri, wewe unapaka rangi taa za nyuma. Na gari lenyewe rangi gani? Picha haionyeshi.

ARISTIDES: Damu ya mzee.

EUPHRASIA: Rangi yangu ya kucha. Iliyopotea Pasaka.

ARISTIDES: Nusu chupa tu. Inakauka bila kuacha mistari, ndiyo maana—

EUPHRASIA: Nilimsema Kuruthumu tunayekaa naye chumba kimoja. Tumenuniana wiki nzima. Ngoja. [Sarafu inadondoka.] Imebaki moja. Sikiliza, baba hakuja kupanda gari.

ARISTIDES: Afadhali.

EUPHRASIA: Kaja kukushtaki.

ARISTIDES: Kwa lipi? Kwa plastiki?

EUPHRASIA: Baba ni katibu wa tawi la Chama, hilo ungelikumbuka kabla ya kumvimbia. Kavaa miwani, kaenda kuazima kwa padri kioo cha kukuzia maandishi, kasoma namba. SU 2917. Shirika la umma. Anasema anayetaka kuwa mkwe wake anatanua na mali ya wananchi, tena anajipigia picha nayo, mwaka huu huu wahujumu uchumi wanasakwa nyumba kwa nyumba.

ARISTIDES: Haiwezekani.

EUPHRASIA: Namba zote za nchi hii, kwa nini ukaweka ya umma?

ARISTIDES: Kwa sababu ndivyo lilivyo.

EUPHRASIA: Lipi?

ARISTIDES: Lile linaloegeshwa hapa ng'ambo ya duka. Kwenye boksi kuna picha ya Pijo ya Wafaransa, na mimi Ufaransa sijafika. Ukiunda gari sharti utazame la kweli, ulifuatishe. Mimi naliona hilo tu, kila Jumatano, bwana wake anapanda kwa yule mama wa ghorofa ya pili. Mlango wa kushoto una mkwaruzo, nikauweka. Gurudumu la nyuma halina kifuniko, nikaliacha wazi. Namba nimeiandika kwa burashi ya unywele mmoja, nimefuta mara nne. Ningeweka namba nyingine lingekuwa gari jingine.

EUPHRASIA: Kwa hiyo lisije likawa la uwongo, ukalifanya la wizi.

ARISTIDES: Nilijuaje kama padri ana kioo?

EUPHRASIA: [Anagongewa kioo cha kibanda.] Samahani, mama, dakika moja, ni msiba. — Eh, Aristides, chagua. Mbele ya baba una njia mbili tu. Ama wewe ni mwizi wa gari la umma, ama wewe ni mwanamume wa miaka thelathini na moja anayepaka vigari rangi ya kucha.

ARISTIDES: [Kimya kirefu.]

EUPHRASIA: Aristides.

ARISTIDES: Nipo.

EUPHRASIA: Unafikiria.

ARISTIDES: Sifikirii.

EUPHRASIA: Unapima ipi ina heshima zaidi. Nakusikia unavyopima.

ARISTIDES: Basi nikwambie. Yule bwana akishuka kwenye Pijo, Kanubhai anamletea kiti. Hanunui hata leso, analetewa kiti. Mimi mwaka wa saba dukani hapa, kiti najiletea. Nikasema baba yako naye, walau mara moja, aniletee kiti kabla hajaniona.

EUPHRASIA: Mimi nilipokubali posa ulikuwa na vigari kumi na moja juu ya kabati, na hakuna hata kimoja kilichonifikisha kazini. Nilikwambia nini?

ARISTIDES: Ulinicheka.

EUPHRASIA: Halafu?

ARISTIDES: Halafu ukaviondolea vumbi.

EUPHRASIA: Basi.

[Laini inakwaruza.]

ARISTIDES: —mpeleke Upanga akapumzike kwanza. Kesho nitakuja nimevaa suti, nitaeleza polepole kwamba—

EUPHRASIA: Kesho atakuwa ameshaamkia ofisi za shirika. Barua ya mashtaka anayo, kaiandika ndani ya basi. Mistari inaruka kwa mabonde ya njiani, lakini muhuri wa tawi umekaa wima. Tunapita dukani kwako kwanza, akupe nafasi ya kujieleza. Anasema hata mhujumu ana haki hiyo.

ARISTIDES: Mnapita hapa leo?

EUPHRASIA: Sasa hivi, nikitoka humu. Kwani?

ARISTIDES: Leo Jumatano.

EUPHRASIA: Linakuja saa ngapi?

ARISTIDES: Saa nane juu ya alama. Shirika lote lile, hicho ndicho kitu pekee kisichochelewa.

EUPHRASIA: Sasa ni saa nane kasoro — Aristides.

ARISTIDES: Nini?

EUPHRASIA: Gari lako linapita.

ARISTIDES: Si langu.

EUPHRASIA: Damu ya mzee, SU 2917. Na mkwaruzo huo hapo. Umeupatia kweli, sikujua. Linapunguza mwendo, foleni imemwagika mpaka barabarani. Baba kaliona. Katoa picha mfukoni, analinganisha. Baba, acha— hanisikii, kioo hiki. Kaingia barabarani.

ARISTIDES: Mtoe barabarani, atagongwa.

EUPHRASIA: Kaulaza mkungu wa ndizi mbele ya gurudumu. Gari limesimama.

ARISTIDES: Mungu wangu. Aliyemo anasemaje?

EUPHRASIA: Kashusha kioo. Bwana mnene, kipara kinang'aa. Baba kamvulia kofia. Kamwita Aristides.

ARISTIDES: Kamwita nani?

EUPHRASIA: Baba anajua sura ya gari lako tu, yako ulimnyima. Kaona gari, basi kaona mwenyewe. Hongera, una kitambi. Na kiti cha nyuma umejaza makatoni ya sabuni mpaka juu.

ARISTIDES: Sabuni?

EUPHRASIA: Sabuni. Na foleni imeiona. Wanatoka mstarini mmoja mmoja, wanalizunguka gari. Bwana anasema hamjui Aristides yeyote. Baba anajibu kwamba kila mwenye hatia huanza kwa kulikana jina lake. [Anagongewa.] Msiba haujaisha, mama. — Aristides, katoa barua yako ya posa.

ARISTIDES: Anaisoma?

EUPHRASIA: Kaishika kwa mikono miwili. Anawatangazia watu kwamba binti yake haolewi na mwizi.

ARISTIDES: Mwambie siye huyo.

EUPHRASIA: Nikimwambia, atauliza mwenye gari la kwenye picha ni nani. Toka dukani. Hatua mia mbili. Lete lako.

ARISTIDES: Mbele ya umati wote huo?

EUPHRASIA: Uliweke chini kando ya lile, baba ayaone yote mawili kwa pamoja.

ARISTIDES: Watanicheka, Euphrasia. Mwezi mzima, mtaa mzima.

EUPHRASIA: Watakucheka. Mimi nitaanza, nina haki, rangi ni yangu. [Simu inalia kuonya.] Sarafu imeisha. Kaanza kuichana, Aristides, pembe ya juu—

ARISTIDES: Naja, naja. Nalitia kwenye boksi la viatu, napita uchochoroni, nikifika nakuita kando—

EUPHRASIA: Ukija umelificha kwenye boksi, pitiliza mpaka stendi, na wala usi—

[Simu inakatika.]

ARISTIDES: Haloo? Euphrasia? [Anaweka simu.] Bosi. Kanubhai. Nipe ile Pijo hapo kwenye rafu, nyuma ya mashuka. Taratibu, taa ya kulia nimeirudia leo, haijakauka. Hapana, boksi liache. Na wewe usicheke bado, ngoja kwanza nivuke barabara.