Kocha Stanislav Hruska na Pengo Nyuma ya Mabeki

Marehemu Stanislav Andrej Hruska, ambaye mji mzima ulimwita Kocha Stan, alizaliwa tarehe 11 Machi 1943 hapa Brannock, Pennsylvania. Alikuwa mtoto wa tano wa Andrej Hruska, fundi wa tanuri katika kiwanda cha chuma, na mkewe Zuzana. Ndugu zake walikuwa wakisema kwamba Stan alijifunza kuuliza kabla ya kujifunza kutembea. Akiwa na miaka minane aligundua kuwa akisimama mlimani huiona kengele ya kanisa ikiyumba kwanza, ndipo sauti humfikia. Alishuka mbio akamuuliza padri sababu. Padri alimwambia akamuulize Mungu, yeye alikuwa na misa ya kusoma. Stan aliingia kanisani, akapiga magoti, akauliza.

Alisoma shule ya parokia ya Mtakatifu Cyril, kisha Sekondari ya Brannock, akahitimu mwaka 1961. Huko alicheza mpira, huu wetu wa kubeba na kurusha kwa mkono, akiwa beki mwembamba mwenye miguu mizito. Mwaka 1965 alimaliza chuo cha ualimu, akarudi kufundisha historia katika shule ileile. Mwaka 1971 akakabidhiwa timu.

Misimu yake mitatu ya kwanza haikuwa na raha. Timu zote za bonde hili zilicheza ulinzi wa mtu kwa mtu: kila beki ana mpokeaji wake, yaani mpinzani anayekimbia kudaka pasi, anamfuata popote aendako. Vijana wa Brannock walikuwa na nguvu kama baba zao, lakini mbio hawakuwa nazo. Walipitwa, na wakishapitwa, mpira ulitua mbele yao kwa raha zake. Wengine wangelalamika kuhusu vijana. Stan alitaka kujua kinachotokea hasa. Aliacha kuutazama mpira, akawa anatazama vichwa vya mabeki wake, akaona kwamba beki anayemkimbiza mtu humpa mgongo mrushaji wa pasi. Pasi inaruka, naye hana habari.

Mwaka 1974 akabadili. Aliwakusanya mabeki akawaambia, "Kuanzia leo hakuna kumfuata mtu. Kila mmoja ana eneo lake. Anayeingia ni mgeni wako. Akitoka, mkabidhi jirani. Macho yawe kwa mrushaji."

Mmoja akauliza, "Na akisimama mpakani, Kocha, ni mgeni wa nani?"

Stan alisema hilo ni swali zuri na kwamba jibu hana.

Hata bila jibu, ulinzi wa maeneo uliwafaa. Kwa kuwa walitazama mbele, waliiona pasi ikiondoka mkononi, wakaanza kunyaka pasi ambazo hawakuwahi hata kuzigusa. Mpokeaji akidaka, alikuta watu watatu wanamkimbilia. Pasi ndefu za kuvunja moyo zikakoma. Tarehe 19 Novemba 1976 Brannock iliingia fainali ya bonde dhidi ya Tarrow, timu ya kocha Emmett Gallagher.

Walikuwa wanaongoza dakika zikiyoyoma. Ndipo Tarrow ilipopeleka wapokeaji wawili katika eneo la beki mmoja, Raymond Dudash, mmoja karibu na mwingine nyuma yake. Raymond akimwendea wa mbele, wa nyuma yuko huru. Akirudi nyuma, wa mbele anadaka. Alisimama katikati. Mpira ukampita juu ya kichwa, na ubingwa ukaenda nao.

Mji ulimla Raymond mzimamzima. Kwa kinyozi, kiwandani, hata kwenye foleni ya mkate, jina lililotajwa lilikuwa lake. Kijana akajifungia nyumbani, akamwambia mama yake kwamba shule basi. Stan alikwenda huko, na kwa kuwa mlango wa chumba haukufunguliwa, aliongea nao ukiwa umefungwa. "Nilikupa eneo la watu wawili, nawe ulikuwa mmoja. Hata mimi nisingejua pa kwenda." Jumapili, watu wakiwa wanakula halupki, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi, katika ukumbi wa parokia, alisimama akarudia maneno hayo mbele ya wote, akachora uwanja kwa vijiko na vikombe hadi kila mtu akaona. Jumatatu Raymond alirudi darasani.

Lakini Stan hakupata usingizi kwa swali moja: Gallagher alijuaje? Jumamosi iliyofuata aliendesha gari hadi Tarrow, akabisha hodi. Gallagher alimtazama mgeni wake, akacheka, akasema si yeye aliyeliona pengo, ni dada yake. Akaita jikoni. Akatoka Lorraine, mwalimu wa biolojia, mikono ina unga.

"Mimi hukaa jukwaani, juu kabisa," alimwambia. "Mabeki wako wanamtazama mrushaji vizuri mno. Kilichoko nyuma yao hawakijui. Nilimwambia kaka yangu apeleke mtu huko."

Stan aliomba kiti. Aliondoka baada ya chakula cha jioni, akarudi wiki iliyofuata na maswali mengine. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1978 huko Tarrow, wakajaliwa binti mmoja, Marta.

Mwaka 1981 mashemeji hao walikutana tena fainali. Wote wawili walimfuata Lorraine kwa siri kumwomba shauri, na wote wawili aliwafukuza jikoni. Safari hii Stan alichanganya: beki mmoja alimganda mpokeaji mwenye kasi, wengine wakalinda maeneo. Brannock ikashinda. Wakiwa njiani kurudi nyumbani Lorraine alimwambia kwamba kulikuwa na pengo upande wa kulia karibu kipindi kizima, na Emmett hakuliona.

"Na wewe uliliona, usimwambie?"

"Mimi ni mke wako, Stan."

Stan alisimamisha gari pembeni ili mkewe amweleze ni wapi hasa.

Alistaafu mwaka 2004. Mwaka 2019 mapafu yake yalianza kuchoka, na madaktari wakampa mtungi wa hewa, ambao aliuvuta kila mahali bila aibu. Ijumaa tarehe 22 Oktoba 2021 alitazama mechi ya shule akiwa ndani ya gari kando ya uzio, Lorraine pembeni yake. Wageni walipata pasi nzuri nyuma ya mabeki wetu, naye akapiga makofi, watu wakageuka kumtazama.

Jumapili mchana, tarehe 24, akiwa kitandani, alimuuliza mkewe: ukiwa na mabeki wanne na wapokeaji watano, na lazima uache sehemu moja wazi, utaacha wapi? Lorraine alisema ngoja achemshe kahawa, afikiri. Aliporudi na jibu, Stan alikuwa ameshaondoka. Alikaa kando yake, akamweleza jibu lote kwa sauti yake ya kawaida, mpaka kahawa ikapoa. Emmett amemuuliza mara mbili tangu siku hiyo ni jibu gani. Amekataa kumwambia.

Marehemu ameacha mjane, Lorraine. Binti, Marta, na mumewe Joseph. Wajukuu wawili, Andrew na Clare. Dada yake Ludmila. Shemeji yake Emmett Gallagher. Na wachezaji wake wengi, akiwemo Raymond Dudash, ambaye leo ni miongoni mwa wabeba jeneza.

Mungu amjibu yote aliyouliza. Pumzika kwa amani, Kocha.