Kaka Marcelo Azikwe Bila Mlio

Baba Paroko, Mheshimiwa Mtendaji wa Kijiji, wazee wa ukoo, na ninyi banzengo, majirani wa shida na raha, mliokaa kivulini na mliokosa kivuli, mwabeja kwa kufika. Naitwa Esteria Ndaki, dada wa marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na karatasi hii ilikuwa isomwe na mdogo wetu Josia, ambaye jana aliandika nusu ukurasa, akafika kwenye sababu ya kifo, akaweka neno moja tu, "ajali", akafunga kalamu. Nimemwambia akae. Nitasoma mimi, nanyi mtanivumilia, kwa sababu historia ya kaka yangu ina kazi ya kufanya leo kabla jeneza halijashuka.

Marehemu Marcelo Ndaki Luhende alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 hapa hapa Nkololo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ndaki Luhende na Mama Nyanjige, ambao wote wametangulia, akabatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata, na mama yetu alizoea kusema kwamba siku ile alilia kutoka mlango wa kanisa hadi nyumbani na baada ya hapo hakulia tena maishani, jambo ambalo mimi niliyekula naye sahani moja nalikanusha mbele yenu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 na kuhitimu la saba mwaka 1973, hesabu alizipenda, mwandiko ulikuwa wa kuku, hakuchaguliwa kuendelea, akarudi kuchunga ng'ombe wa baba kwa miaka miwili huku akinung'unika. Mwaka 1975 alipata kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba kule Kasoli, na huko ndiko alikoshika tupa kwa mara ya kwanza, akinoa meno ya mashine, akabaki na tupa mkononi mpaka wiki hii. Mwaka 1984 alikwenda kwenye kambi ya wawindaji huko porini upande wa hifadhi, akimtumikia mwindaji mmoja wa Kizungu aliyekuwa akijijazia risasi mwenyewe juu ya meza ya kambi, na kwa kuwa kaka yangu alikuwa na macho ya kuiba kazi, kufikia mwaka 1997 kambi ilipofungwa alirudi nyumbani akiwa na kipimo cha chuma alichoachiwa na yule Mzungu, shotigani yenye kibali, na ujuzi ambao hapa kijijini hakuwa nao mtu mwingine.

Kwa mliotoka mbali, risasi ikishafyatuliwa hubaki ganda la shaba, na ganda hilo likitunzwa hujazwa tena, ila kila likifyatuliwa hurefuka kidogo na kuchoka, hivyo linahitaji mtu wa kulikata mdomo, kulisawazisha, na kuamua kama bado linafaa au limekwisha. Mtu huyo alikuwa Marcelo. Aliyaosha maganda kwa maji ya ukwaju, akayaanika juu ya bati, akakaa nalo moja moja na tupa yake, kisha akapitisha kidole ndani na nje akitafuta ufa, na akiupata aliliweka ganda juu ya jiwe na kulipondaponda kwa nyundo ili asije mtu akaliokota. Wote mnaoishi jirani mnaikumbuka ile nyundo. Mheshimiwa Mtendaji anajua, nami najua, kwamba sheria hairuhusu kazi hiyo kufanyika nyumbani, na sikusimama hapa kuitetea, lakini nyote mnajua pia ni nani aliyeitwa kila fisi walipoingia zizini, na nani alikesha kwenye mahindi yenu tembo walipotoka hifadhini.

Tarehe 22 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu na Apolonia Kwandu, binti wa mfanyakazi wa reli pale Malampaka, ambaye hakuwahi kuona bunduki mpaka alipoolewa, na ambaye kwa miaka zaidi ya arobaini amepigana na vumbi la shaba kwenye shuka zake. Walijaliwa watoto watatu, Flora aliyezaliwa 1984, Constantine aliyezaliwa 1988, ambaye ni fundi wa pikipiki mjini Bariadi, na Nancy aliyezaliwa 1993, pamoja na wajukuu ambao babu yao aliwakataza kabisa kugusa meza yake, na waligusa.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na kisukari. Alipewa dawa, akazitumia alipojisikia kuzitumia, wali hakuuacha, nasi tulimsema hadi tukachoka. Ugonjwa ule ulimla polepole kuanzia pembeni, macho yakaingia ukungu, vidole vya miguu vikafa ganzi, na vya mikono vikafuata, mpaka akawa anaepua sufuria jikoni bila kitambaa na kucheka, akituambia sisi ndio tuna ngozi laini. Meza yake hakuiacha. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo Josia alipofunga kalamu.

Jumanne wiki hii, tukiwa hospitali, wifi yangu Kwandu alinishika mkono, akaniambia, "Esteria, ile nyundo, tangu mavuno ya mwaka juzi sijaisikia." Muda wote huo alikuwa amefurahi, maskini, akidhani mume wake amekuwa hodari zaidi, kwamba siku hizi haharibu ganda hata moja. Lakini maganda hayakuwa yameacha kupasuka, kaka yangu ndiye aliyekuwa hawezi tena kuuona ufa wala kuuhisi, na yote yaliyopita mikononi mwake, mazima na mabovu, yalijazwa, yakafungwa matatu matatu kwa kipande cha mpira wa tyubu, na kugawiwa kwa rafiki zake.

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na mbili jioni, fisi walikuja tena kwenye ndama, marehemu akasimama penye uzio na shotigani yake, akafyatua, na ganda likapasukia nyuma, upande wake yeye. Aliumia taya na shingo. Alikimbizwa hospitali mjini Bariadi, madaktari wakahangaika naye, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, akafariki dunia. Nimemwona na sitaki kukumbuka nilichokiona.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, hasa yule muuguzi kijana aliyemwita babu na kumfuta uso mpaka mwisho. Tunamshukuru Baba Paroko, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Kasoli, wanakwaya, na akina mama wa nzengo ambao moto wao haujazimika tangu Alhamisi.

Sasa nawageukia ninyi rafiki zake. Tangu juzi mimi na Josia tumepita nyumba kwa nyumba tukiomba maganda aliyowapa yarudishwe, na kila mlango tumejibiwa kwa upole, tukapewa na kigoda, tukaambiwa hapa hakuna kitu kama hicho. Naelewa. Polisi wameshachukua bunduki yake na meza yake, na kila mtu ana watoto wa kulea. Lakini naijua pia desturi ya hapa, kwamba mtu aliyelinda mifugo na mashamba kwa bunduki hashushwi kaburini kimya, mwanawe hufyatua wa kwanza na wenzake humfuata, kama mlivyomfanyia Mzee Salu mwaka juzi, na kwa jua hili la leo naona baadhi yenu mmevaa makoti mazito. Bunduki ziko nyuma ya zizi, zimefunikwa na magunia ya pamba. Nimeziona. Mimi ni mwanamke mzee, lakini vidole vyangu havijafa ganzi, na macho yangu yanaona.

Ndugu zangu, nawasihi kwa jina la Mungu, na asiyemwomba Mungu namsihi kwa mizimu ya kwao. Mnataka kumheshimu Marcelo kwa kitu kilichomuua. Huenda ganda lako ni zima. Huenda la aliyekaa kulia kwako ndilo lenye ufa, na hakuna mtu hapa duniani anayeweza kuyatenganisha, kwa kuwa aliyeweza yumo ndani ya sanduku hili, naye hakuweza tena. Nimeshamwosha damu mmoja. Sina nguvu ya kumwosha mwingine, sina, mkinitazama mtaona kwamba sina.

Kwa hiyo familia imekubaliana hivi. Kwandu ameweka beseni la bati lenye maji pale penye lango la zizi, ambapo kila mtu atapita kwenda kaburini. Kabla hatujanyanyua jeneza, sisi wote wa familia tutasimama na kugeuza nyuso zetu kuelekea shamba la pamba, Baba Paroko amekubali kugeuka pamoja nasi, na Mheshimiwa Mtendaji ameombwa aangalie barabara, naye amesema barabara ina mengi ya kuangaliwa. Hakuna atakayeuliza nani alipita wala aliinama kwa nini. Mtakachokiacha kitabaki majini, kesho kitapondwa kwa nyundo yake mwenyewe, nitaishika mimi, na mtaisikia tena.

Kaka yangu atashuka kimya. Atanung'unika, namjua, alipenda kelele. Basi anung'unike.

Constantine, ng'wanone, mwanangu, mimi ndiye sengi yako, shangazi pekee uliyebaki naye, na asubuhi ulipoinama kunisalimia nilisikia kitu kikigongana mfukoni mwako. Wewe ndiye ulipangiwa wa kwanza kaburini, basi uwe wa kwanza kwenye beseni, wenzako wanakutazama wewe. Karatasi hii imebakiza maneno matatu tu, nyote mnayajua, na sitayasema mpaka nisikie shaba ikigonga bati. Sisi tunageuka sasa.

Pumzika kwa amani.