Disque ya Kweli na Mashini ya Yaya

Naomba nisome. Nimeandika ndani ya kaye, daftari yangu ya kila siku, kwa sababu nikiwaangalia macho nitasahau yote na nitakimbia, na bale banaonijua banajua minaweza kukimbia kweli. Mama muongozi wetu alisema kila kijana alete jambo ambalo Mungu alimvusha. Bengine mulileta magonjwa, mumoja alileta vita. Mi naleta jeux video, michezo ya mashini. Muchekeni kwanza, mumalize, halafu niendelee.

Munajua yaya wangu, ndugu yangu mukubwa, sitataja jina. Yeye iko na chumba cha mabati nyuma ya nyumba, sola juu, mashini moja ya jeux, benchi mbili. Batoto banalipa, banacheza mechi moja ya mupira, banapisha bengine. Ile mechi moja moja ndiyo chumvi yetu, njo sabuni, njo minerval, karo yangu ya shule. Jeux zote zilikuwa kopi, niseme wazi, tuko kanisani. Fundi mumoja wa Uvira alizitia kumi na moja ndani ya mashini, akamwambia yaya: "Hii usiionyeshe Internet hata siku moja. Ikiona Internet, imekufa." Miaka mitatu haikuona, haikufa.

Halafu upande wa soko mutu akafungua sale ingine ya jeux. Juu ya mulango akaandika kwa chaki: IKO YA MWAKA HUU. Benchi zetu zikaanza kuwa na nafasi. Batoto balipita mbele yetu bakipiga kelele: "Kwenu bachezaji banavaa maillot ya zamani!" Yaya akaendelea kupangusa benchi. Mi nilinyamaza, lakini mi nanyamaza kwa mudomo tu. Ndani nilikuwa natembea, natembea, sikai.

Grandes vacances nzima, likizo yote, nilikuwa Lweba kwa shangazi, naanika ndagala, samaki badogo ba ziwa. Mikono ilinuka mpaka mutoto wa shangazi akakataa kula nami sahani moja. Kile nilichopata chote nikakipeleka kwa mufanyabiashara anayeleta vitu vya Bukavu. Yeye iko na disque, ile sahani ya jeux ya mwaka huu, ndani ya plastiki.

"Ni ya kweli, papa?"

"Original, mutoto wangu. Ona plastiki."

Nikaona plastiki. Sikuuliza kingine. Nilipofika nyumbani nikaificha chini ya godoro, nikisema moyoni: yaya atalia kwa furaha.

Wiki ile ile msiba ukatokea Lubondja, yaya akaenda kwenye matanga siku tatu, akaniachia ufunguo. Nikafunga mulango kwa ndani, nikatia disque. Mashini ikafikiri. Ikaandika kwa kifaransa kwamba haiwezi kucheza kabla ya mise à jour, ndiyo kusema kutiwa mambo mapya, na mise à jour iko kwenye Internet.

Ndugu zangu, hapa njo nilipoangukia, musikilize vizuri. Nilikumbuka neno la fundi. Sikulisahau hata kidogo. Lakini nilijiambia: alikataza kwa sababu ya kopi. Hii si kopi. Hii nimeinunua kwa jasho, kitu cha haki hakiwezi kudhuru. Nikafungua partage ya simu yangu, ili mashini ipate Internet. Nikatia forfait ya Internet, ikaisha. Nikatia ingine. Rézo ya simu ikawa inakuja na kwenda, nikapanda na simu juu ya meza, nikaishikilia karibu na dirisha, mukono ukafa ganzi. Asilimia nane. Asilimia tisa. Nikatoka, nikaingia, nikaangalia. Tisa. Siku mbili nilikuwa hivyo, hata kula ninakula nimesimama.

Ikafika mia. Mashini ikazimika, ikawaka. Jeux zote kumi na moja zilikuwa na kufuli ndogo juu yao. Nikabonyeza ya kwanza: haifunguki. Ya pili, haifunguki. Nikabonyeza zote, halafu nikarudia tena, kama mutu anayetafuta ufunguo ndani ya mufuko ule ule.

Basi, nikasema, angalau hii mupya. Ikafunguka! Mechi moja, timu mbili. Zingine zote ziliandikwa ngoja: bado giga makumi zinatakiwa kushuka. Giga makumi, hapa Baraka! Na pembeni kulikuwa na duka. Ndani ya kitu nilichokwisha kununua kuna duka, banauza bachezaji mumoja mumoja, na banataka karte ya banki. Mi nimelipa bei yote, kumbe nimenunua ruhusa ya kungoja. Niseme neno baya kidogo: kopi ilicheza miaka mitatu bila kutuomba kitu, ile ya haki iliomba tangu saa ya kwanza. Mutanisamehe.

Nikairudisha kwa mufanyabiashara, akakataa kuipokea. "Mutoto wangu, plastiki iko wapi?"

Yaya akarudi, miguu na vumbi ya njia. Akawasha. Akaangalia zile kufuli. "Uliigusa?"

"Hapana, yaya. Ilifanya yenyewe."

Siku nane. Siku nane mulango ulifungwa. Siku nane tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na yaya akasema ni fundi wa Uvira, alimutilia kitu kibovu makusudi ili arudi kumulipa tena. Alimulaani asubuhi, akamulaani mangaribi. Mi nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kwenye kaye yangu siku zile zote niliandika neno moja tu: kesho.

Siku ya tisa nikaamka, yaya hayuko. Mama akasema: "Ameenda kwenye boti. Amebeba mashini, anaenda kumushitaki yule fundi kwa polisi ya Uvira."

Nilikimbia na kandambili moja. Boti lilikuwa limejaa, motere inaguruma, yaya amekaa katikati, mashini kwenye mapaja, imefungwa ndani ya kitenge. Mi, ambaye darasani siwezi kusema "présent" kwa sauti, nikaingia maji mpaka magotini nikapiga kelele: "Yaya, shuka! Ni mi! Ni mi nilifanya!"

Boti yote ikageuka. Mama mumoja mwenye beseni ya samaki akauliza: "Mimba?"

"Hapana, mama! Mise à jour!"

Balicheka mpaka mwenye boti akazima motere. Yaya hakucheka. Alishuka, akakaa juu ya gunia la muhogo, nikamwambia yote, tangu ndagala mpaka kufuli. Halafu akasema: "Nilikuwa naenda kumufunga mutu hana kosa." Akasema tena: "Na ulinunua kwa pesa yako?" Nikasema ndiyo. Akajifunika uso na kile kitenge.

Yule mama wa beseni naye alikuwa ameshuka, nafikiri apate habari mpaka mwisho. Akasema: "Kijana wangu alienda Misisi kuchimba zahabu. Aliacha mashini ya zamani chini ya kitanda, na disque zake. Ile haijui Internet. Muchukue, muchezeshe, akirudi mutamurudishia."

Tukaichukua. Batoto balipoona bachezaji ba mule ndani, balianguka chini kwa kucheka: "Huyu si alishaacha mupira? Huyu sasa ni kocha!" Lakini bakacheza. Kesho bakarudi. Yaya akachukua chaki, akaandika mulangoni: HAIOMBI KITU. Benchi moja imejaa tena. Ya pili bado, sitadanganya. Zile kufuli hazijafunguka, na disque yangu ya kweli bado inangoja giga zake.

Namushukuru mama wa beseni. Namushukuru mwenye boti, alirudisha nauli bila maneno. Namushukuru fundi wa Uvira: yaya alimupigia simu kumuomba radhi, naye hakujua hata kwamba alilaaniwa. Namushukuru yaya kuliko bote, aliniambia: "Ungesema siku ile, tungelia siku moja."

Kwenu nyinyi munaonunua, muulize kabla ya kufungua: hii itacheza leo, hapa kwetu, hivi ilivyo? Muuzaji akianza kusifu plastiki, muondoke.

Na juu yangu minaomba kitu kimoja. Mi bado ni mutu wa kuficha, najijua. Mukiniona nazunguka-zunguka sikai, muniulize iko nini. Nitasema hakuna kitu. Muulize tena.