Goti Jipya na Kidole Kilichodanganya

Akina mama wa Mugeta, hamjambo! Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu jamani, mimi miezi yote niliyokuwa mjini nilikuwaga naitikiwa na kuku wa jirani tu. Leo sitaji jina la mtu. Nitajitaja mwenyewe, maana mwenye makosa ndiye huyu anawaongelesha.

Hili goti mnalijua. Mlikuwa mnalisikia likilia kama mlango nikienda kisimani. Watoto wakanipeleka hospitali, wakatoa la zamani, wakaweka la chuma. Kidonda kikapona, nikafikiri narudi nyumbani. Wapi! Daktari akasema nikae karibu, niwe napimwa kama naweza kusimama bila kuyumba. Basi nikakaa Musoma, kule Nyakato, kwa binti yangu.

Ndugu zangu, binti yangu hana ubaya. Anatoka asubuhi na dagaa zake kwenda sokoni, anarudi jioni amechoka. Katikati hapo ni mimi na kochi. Huku kwetu mtu hapitagi bila salamu, tunaulizana mpaka hali ya ndama. Kule wanapita nje, naona viatu tu chini ya geti. Nilijua viatu vya mtaa mzima, sura sijui hata moja. Nikawa nasalimia goti: "Umeamkaje?" Goti kimya.

Siku ya kupimwa ikafika, binti akaacha soko akanipeleka. Mtaalamu wa mazoezi, baba mmoja wa miwani, akasema, "Bibi, inuka kwenye kiti, tembea mpaka kwenye ule mstari, geuka, rudi ukae." Nikaenda kama bata. "Sasa unganisha miguu, fumba macho." Weee! Nimefumba tu, chumba kikaanza kuogelea. "Fumbua. Simama kwa mguu mmoja, ule wa goti jipya. Nahesabu."

Sasa pembeni kulikuwa na meza. Nikatoa kidole kimoja, hiki hapa, nikakiegemeza mezani, kitenge kimekifunika. Akahesabu mpaka saba, akachungulia kitenge.

"Bibi, hicho kidole kinafanya nini?"

"Kimepumzika, mwanangu."

Mnacheka! Yeye hakucheka. "Kwenu chooni kuna meza?"

"Hakuna."

"Ukianguka huko, nani atasikia?"

Tangu mzee wangu afariki naishi peke yangu, mnajua.

Akaandika kwamba bado siko tayari kurudi. Tulipotoka binti akaniambia, "Mama, mara ijayo ukishindwa, nyumba ya Mugeta tunaifunga. Unakaa na mimi moja kwa moja." Alisema kwa upendo. Mimi nilisikia kama wananizika huku nasikiliza.

Na sasa hapa ndipo nilipoanguka, hata kama sikugusa chini. Mazoezi nikaacha. Nilijiuliza, nasimama ili nani anione? Nikienda chooni nashika kochi, nashika ukuta, mpaka ukuta wa binti ukabaki na alama za viganja vyangu. Siku nyingine sikuinuka kabisa. Chai inapoa mezani, naiangalia.

Asubuhi moja nipo dirishani, nikaona mama mmoja anapanda kale kamlima ka mawe na ndoo kichwani. Haishiki! Na haangalii chini, macho yako mbele. Nikashtuka. Mimi nimebeba maji tangu msichana, sijawahi kuangalia miguu. Lakini tangu wanipasue, nachungulia goti kama nachunga mbuzi mwizi! Nikapiga kelele: "Mama wee! Mwenye ndoo! Njoo unisaidie!"

Akaja mbio, akidhani nimeanguka. "Bibi, kuna nini?"

"Niazime ngata yako."

Akanitazama. "Bibi, umekula leo?"

Akacheka, nikacheka. Sijui nilikuwa nimekaa siku ngapi bila kucheka. Akaizungusha ile nguo yake ya kuwekea ndoo, akaiweka kichwani kwangu, tukaweka beseni dogo. Mimi na ujuaji wangu nikasema, "Tia maji!" Nikalowa mpaka kwenye soksi. Kesho yake tukaweka beseni tupu.

Basi kila siku akitoka kuchota anapitia. Anasimama nyuma yangu, mikono tayari, anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Jamani, ile sauti! Nilikuwa nimezoea kujihesabia mwenyewe, na mtu akijihesabia peke yake anaishia tatu. Aliyekuwa anapita nje kila siku na viatu vya bluu, kumbe ndiye yeye.

Nikarudi kupimwa. Nikainua macho mpaka kwenye dirisha, kama nina ndoo. Nikainua mguu. Yule baba akahesabu, akafika kumi, akavua miwani.

"Bibi, kidole kiko wapi?"

"Nimekiacha Nyakato."

Siku hiyo alicheka. Akaniruhusu kurudi nyumbani, ila nikitembea mlimani nishike mkongojo, na chooni tuweke mti wa kushikia. Umewekwa.

Namshukuru Mungu, na wale wa hospitali, na binti yangu, na mama wa ndoo. Ninachowaambia ni hiki: usimdanganye anayekupima, maana atakayeanguka ni wewe. Na ukizidiwa na upweke, fungua dirisha, ita. Na ninyi mnaopitaga nje ya nyumba ya mzee, msipite na viatu tu. Sema hodi.

Haya, mama mchungaji, shika huu mkongojo, kaa nyuma yangu, nainua mguu. Wengine wote, hesabuni. Kwa sauti, niwasikie.